Kifaa Chako, Daftari Lako: Ushauri wa Programu Huria kwa Watu wa Kilwa na Lindi

Mei 2024 mwambao wa kusini ulikatika mara mbili. Kwanza kikaja kimbunga Hidaya, kilichotua Mafia Mei 4, na mvua yake ikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, magari yakalala huku na huku. Kisha Mei 12 nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zikakatika baharini kusini mwetu, na Tanzania ikaingia katika siku za mtandao wa kusuasua.

Siku kama hizo ndizo zinazoonyesha biashara imesimama juu ya nini. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Nangurukuru ambaye mauzo, madeni na orodha ya bidhaa zake vimo kwenye kompyuta ya kampuni iliyo ng'ambo, naye huvifikia kwa intaneti pekee, siku hiyo hana hesabu. Jirani yake aliyeweka hesabu ndani ya kompyuta mpakato yake, kwa programu anayoifungua bila kuomba ruhusa ya mtu, anaendelea kuuza. Kinachowatenganisha ni uamuzi uliofanywa zamani, siku ya kununua na kusimika.

Nawaandikia wenye maduka, stesheneri na nyumba za wageni, makatibu wa vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS), walimu, na kila anayejiandaa kununua simu au kompyuta kati ya Somanga na Lindi mjini. Sisi tuko mamia ya kilomita kutoka Kariakoo. Fundi wa kampuni hayuko mtaa wa pili. Kwa hiyo tuchague vifaa na programu ambazo mtu wa karibu anaweza kuzifungua, kuzitengeneza na kuzihamisha, na kumbukumbu zetu tuziweke katika muundo usiomtegemea muuzaji mmoja. Programu huria hutupa nafasi hiyo kuliko nyingine zote. Zipo sehemu inapotuangusha pia, nami nitazitaja.

Programu huria ni ile ambayo msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiambia kompyuta ifanye nini, umewekwa wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuinakili, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Ni sawa na mashua ambayo fundi yeyote wa Kivinje anaweza kuikagua mbavu na kubadilisha ubao uliooza, hata kama aliyeiunda alishakufa. Bei isikuchanganye. Zipo programu chungu nzima za kupakua bila malipo ambazo hakuna ajuaye zinafanya nini ndani, na mwenye kuzimiliki anaweza kuzifunga kesho au kuanza kudai ada ukishazizoea. Hizo ni za bure, lakini si huria.

Tena unazitumia tayari. Kiini cha Linux, alichoanza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kimo ndani ya kila simu ya Android, ndani ya ruta nyingi za Wi-Fi, ndani ya televisheni janja na ving'amuzi vingi. Fungua mipangilio ya simu yako, ingia kwenye habari za simu, tafuta mambo ya kisheria: utakuta orodha ndefu ya leseni za kazi iliyofanywa na maelfu ya watu. Aliyekuuzia kifaa hakukuambia, na pengine yeye mwenyewe hajui.

Simu ndiyo kompyuta ya watu wengi hapa, basi tuanze nayo. Ziwe Tecno, itel, Infinix au Samsung, msingi ni huo huo wa Android, mfumo ulioingia sokoni mwaka 2008. Lakini juu ya msingi huria kampuni hujenga tabaka zilizofungwa: duka la programu, huduma za Google, matangazo yanayochomoza ukiwa katikati ya kazi. Chini yake pia, viendeshi vya chipu mara nyingi vimefungwa. Ndiyo maana simu yenye kiini huria bado inaweza kuachwa njiani na mtengenezaji wake. Kabla hujatoa fedha, mwombe muuzaji aiwashe, ufungue habari za simu na usome tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Simu mpya ndani ya boksi yenye sasisho la miaka miwili iliyopita itabaki hivyo hivyo, hakuna atakayeikumbuka. Uliza mtengenezaji ameahidi sasisho kwa muda gani, na kama hakuna ahadi yoyote, bei ishuke au utafute nyingine. Piga *#06# ulinganishe namba ya IMEI na ile ya boksi na ya risiti. Watu wengi hawajasahau usiku wa kuamkia Juni 17, 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia nchi nzima.

Simu za mkopo nazo zinataka macho. Simu hizo huja na programu ya kufuli iliyowekwa ndani kabisa, na malipo yakichelewa mkopeshaji huifunga kwa mbali. Simwiti mkopeshaji mwizi kwa hilo. Kuna mama lishe wengi ambao bila mkopo huo wasingekuwa na simu janja hata leo. Ila dai majibu kwa maandishi: kufuli inaondolewa lini baada ya malipo ya mwisho, nani anaiondoa, na je, itaondolewa kabisa au itabaki imelala ndani? Ukimaliza deni, usiondoke dukani mpaka umeona imetoka. Na ukiwa bado na deni usimpe fundi aiflashi ili akwepeshe kufuli. Utavunja mkataba, na simu inaweza kufa mikononi mwake.

Kuna mfano ambao wengi wetu tuliupitia. Mwaka 2013 shirika la Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, walianza kutoa simu za mfumo huria wa Firefox OS. Biashara haikuwaendea vizuri, na mwishoni mwa 2015 wakatangaza kuachana na simu. Kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi, watu wengine waliuchukua wakatengeneza KaiOS, mfumo wa simu ndogo za vitufe. Huku kwetu ukaja kwa jina la Smart Kitochi la Vodacom: simu ya bei ya chini, betri ya kukaa, na WhatsApp ndani. Mpaka hapo ni hadithi nzuri ya programu huria, kwamba kazi iliyoachwa na mmoja ilifufuliwa na mwingine ikamfikia mchuuzi wa samaki. Lakini WhatsApp yenyewe haikuwa huria. Mwaka 2024 wenyewe waliiondoa kwenye duka la KaiOS, na mwanzoni mwa 2025 ikaacha kufanya kazi hata kwa waliokuwa nayo. Simu ni nzima, betri nzima, na sababu ya kuinunua imeondoka. Jifunze hapa namna ya kuuliza: kile unachokinunulia kifaa, kimo katika sehemu iliyo wazi au katika sehemu ambayo kampuni moja inaweza kuifunga? Kama ni ya pili, nunua tu kwa bei ambayo haitakuuma ikifungwa.

Wapo watakaokwambia uweke LineageOS, Android huria isiyofuata kampuni ya simu. Ni kazi nzuri kweli na imeongeza umri wa simu nyingi duniani, ila simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa huku hazimo kwenye orodha yake. Angalia kwanza kama namba kamili ya modeli yako imo. Haimo, acha. Lililo rahisi zaidi ni kutumia programu huria juu ya Android uliyonayo: VLC ya kutazama video na kusikiliza muziki bila matangazo, Organic Maps ya ramani zisizohitaji bando, Firefox ya kuperuzi. F-Droid ni duka la programu huria tupu lililoanza mwaka 2010, na linafaa sana kwa mtu aliyechoshwa na matangazo ya kikokotozi na tochi. Tochi haina sababu ya kutaka kusoma majina ya watu uliowahifadhi kwenye simu.

Sasa niende kwenye kompyuta, na hasa stesheneri, kwa sababu huko ndiko mambo ya mji mzima hupita. Ukikaa saa moja kwenye stesheneri yoyote ya Kilwa Masoko utaona maombi ya ajira, fomu za mkopo wa chuo, namba ya mlipakodi, usajili wa jina la biashara, mukhtasari wa kikao cha kijiji, kadi za harusi. Yote yanapita kwenye kompyuta mbili tatu zilizonunuliwa mtumba, zenye Windows iliyochakachuliwa, na kwenye flashi ambazo zimeshapita kila ofisi ya wilaya. Virusi vya shotikati vimekuwa wenyeji: mteja anachomeka flashi, mafaili yake yametoweka, yamebaki mapicha madogo yenye mshale.

Oktoba 14, 2025 Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Anayejiandikisha anaweza kuongezewa muda kidogo wa masasisho ya usalama, lakini njia imeshafika mwisho wake. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa kompyuta za Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache. Mpakato za mtumba nyingi tulizonazo ni za kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Fundi anaweza kulazimisha Windows 11 ikae, lakini Microsoft hawaahidi masasisho kwa kompyuta ya namna hiyo. Zimebaki njia tatu: kununua kompyuta mpya, kuendelea na Windows isiyolindwa huku ukishika vyeti na namba za NIDA za watu, au kuweka Linux. Kwa stesheneri yenye mashine nzima isiyo na tatizo lingine, ushauri wangu ni njia ya tatu, lakini kwa hatua na bila pupa.

Hatua ya kwanza haigusi Windows kabisa. Weka LibreOffice, Firefox na VLC ndani ya Windows uliyonayo, uzitumie kwa kazi za kila siku mwezi mmoja au miwili. LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice; inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Mteja akileta barua iliyoandikwa kwa Times New Roman au Calibri, hakikisha fonti za Liberation na Carlito zimo, maana zilichongwa zikiwa na upana ule ule wa herufi, kwa hiyo kurasa haziruki ovyo. Barua iliyojaa majedwali na maboksi bado inaweza kuvurugika. Mwombe mteja akuletee PDF ya kuchapisha. Na wewe pia mpe PDF anapoondoka, pamoja na faili la kuhariri. Ukiona kazi za kawaida zinakwenda, ndipo uende mbele.

Hatua ya pili ni kuijaribu Linux bila kuisimika. Linux Mint yenye sura ya Xfce inakwenda vizuri kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 4, na sura yake haimshtui mtu aliyezoea Windows. Inawekwa kwenye flashi ya GB 8, kompyuta inawashwa kwa flashi hiyo, na unaitumia bila kugusa kitu kwenye diski. Jaribu kila kitu kinachokuingizia fedha: printa, skana, Wi-Fi, modemu ya laini, sauti. Printa ndiyo itakayokutoa jasho. Za HP nyingi zinakubali bila shida, za Epson za wino wa kujaza nyingi zina viendeshi, lakini zipo printa ndogo za leza ambazo mtengenezaji hakujali Linux hata kidogo. Kama printa yako ni ya kundi hilo, usilazimishe. Bakiza kompyuta moja ya Windows kwa ajili yake mpaka printa itakapokufa, na inayofuata uinunue baada ya kuuliza.

Hatua ya tatu ni kusimika, baada ya kunakili mafaili yote mahali pawili. Na hapa ndipo naona faida kubwa kwa watu wa pwani yetu, ambayo watu wa mijini hawaihisi. Faili la Linux Mint ni karibu GB 3. Kwa bando la simu hiyo ni fedha. Lakini leseni inakuruhusu kunakili, kwa hiyo mtu mmoja akilipakua Lindi mjini, mji mzima wa Masoko, Kivinje na Pande unaweza kulipata kwa flashi bila kumwibia mtu na bila kuvunja sheria. Akilipakua, alinganishe alama za uhakiki zilizo kwenye tovuti ya watengenezaji ili kujua faili halikuharibika wala kuchezewa. Mambo ya Windows ya kuchakachua yanasambaa kwa flashi vilevile, ila huko unanakili wizi, na mara nyingi pamoja nao unanakili virusi.

Virusi vya shotikati, kwa jinsi vilivyotengenezwa kwa Windows, haviendeshwi kwenye Linux. Mara nyingi ukichomeka flashi ya mteja utayaona mafaili yake aliyodhani yamepotea, maana yalikuwa yamefichwa tu. Kwa stesheneri hiyo ni huduma ya kulipisha, tena ya kujenga jina. Tovuti za serikali zinazofunguliwa kwa kivinjari zinafunguka kwenye Firefox ya Linux kama kwingine. Kisichokubali ni baadhi ya majedwali ya Excel yaliyojazwa makro, na programu chache za ofisi zilizoandikwa kwa Windows pekee. Ukiwa nazo, ile kompyuta moja ya Windows itaendelea kuwa na kazi.

Niseme pia kuhusu diski. Kabla hujamlaumu yeyote kwa kompyuta nzito, badilisha diski ya zamani ya kuzunguka uweke SSD. Mabadiliko hayo na Linux Mint vimerudisha kazini kompyuta ambazo wenyewe walishazifanya meza ya kuwekea karatasi.

Kwa AMCOS na vikoba, mimi sijali sana unatumia mfumo gani wa kompyuta kuliko ninavyojali daftari. Lindi ni mkoa wa korosho na ufuta. Msimu ukifungua, mzigo unakwenda ghala kuu kwa stakabadhi, unanadiwa, na malipo yanarudi kwa mkulima yakiwa na makato yake. Mkulima wa Mchinga anayetaka kujua kwa nini kilo zake 410 zimelipwa pungufu ana haki ya kuonyeshwa mstari kwa mstari. Mifumo ya vyama na ya minada ina wenyewe, nanyi mnaitumia kama mlivyoelekezwa. Lakini chama kiwe na nakala yake yenyewe: jedwali la LibreOffice Calc lenye tarehe, namba ya stakabadhi, kilo, daraja, bei, makato na kiasi kilicholipwa, lihifadhiwe kila wiki na kuchapishwa kila mwezi likasainiwe. Jedwali la muundo wa ODS au CSV litafunguka miaka ishirini ijayo kwa programu yoyote ya majedwali. Kumbukumbu zilizomo ndani ya programu ya muuzaji mmoja zitafunguka kwa kadiri muuzaji huyo anavyopenda. Kabla ya kusaini mkataba na mtu anayewauzia mfumo, mwambieni aonyeshe mbele ya kamati namna ya kutoa kumbukumbu zote kwa CSV. Akisema hilo halipo, au lina malipo yake, msisaini.

Nywila isikae kichwani kwa katibu peke yake. Iandikwe, itiwe ndani ya bahasha iliyofungwa, ikae kwenye kasha la chama, na ibadilishwe uongozi unapobadilika. LibreOffice ikifunga faili kwa nywila na nywila ikapotea, hakuna ofisi ya kupiga simu. Na orodha ya wakulima yenye majina, namba za simu na akaunti za benki ni taarifa binafsi kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kuituma kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili si uwazi. Ni kuwaanika wanachama.

Wenye maduka na nyumba za wageni mara nyingi huuliza kuhusu mifumo mikubwa kama Odoo na ERPNext. Ina matoleo yenye leseni huria, na kwa hoteli yenye vyumba vingi, jiko na wafanyakazi wa zamu inaweza kufaa, kama kuna mtu wa kuisimamia. Kwa duka la mlango mmoja ni mzigo. Anza na jedwali. Likikuzidi, jaribu GnuCash, ambayo inafuata hesabu za pande mbili kama zinavyofundishwa kwenye masomo ya biashara na inakaa ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Programu yoyote utakayoichagua haiondoi wajibu wa risiti ya kielektroniki. Mashine za EFD zimekuwa sheria tangu 2010, na mamlaka ya mapato, TRA, wanataka risiti itokayo kwenye kifaa au mfumo walioukubali. Anayekuuzia programu kwa maneno kwamba itakuepusha na EFD anakuuzia kesi.

Wapo wanaodhani programu huria ni mchezo wa wanafunzi. Waende Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, au zahanati yoyote ya mkoa huu. Vitabu vya MTUHA, yaani kumbukumbu za huduma za afya, vinavyojazwa na muuguzi huishia kwenye mfumo wa DHIS2, ambao ni programu huria. Mfumo huo ulianzia Afrika Kusini miaka ya 1990 baada ya ubaguzi wa rangi kuondolewa, ukalelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, na kufikia karibu mwaka 2013 Tanzania Bara nzima ilikuwa ikiutumia. Umedumu kwa sababu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na watu walioingia ndani ya msimbo wake wakaujua, wakaufundisha, wakaurekebisha ufuate taratibu zetu. Msimbo kuwa wazi ulitoa ruhusa. Watu walioketi kujifunza ndio waliotoa huduma.

Chuo hicho hicho, pamoja na kampuni ya Uswidi ya IT46, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004: programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, tangu menyu mpaka maonyo. Hakuna aliyehitaji kuomba kibali ng'ambo ili Kiswahili kiingie. Kazi ya kutafsiri programu za namna hiyo haijakamilika mpaka leo, na mwalimu wa Kiswahili wa sekondari yoyote ya Lindi mwenye kompyuta anaweza kuiendeleza.

Walimu wenzangu wa visiwani na vijijini, nawasihi mtazame Kiwix na Kolibri. Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia ya Kiswahili kwenye flashi na kuisoma bila intaneti. Kolibri inahifadhi masomo na mazoezi kwenye kompyuta moja ya darasa, na vishikwambi vya wanafunzi vinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya ndani. Shule ya Songo Songo haihitaji kusubiri waya wa intaneti ili watoto waanze kusoma hivyo. Inahitaji mtu mmoja akapakue Lindi, akarudi na diski.

Kuhusu ramani nina furaha na nina onyo. OpenStreetMap ni ramani huria ya dunia. Mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa inayofurika, mifereji na nyumba kwenye ramani hiyo. Mwenye nyumba ya wageni Kilwa Masoko anaweza leo kuingia na kuweka jina la nyumba yake, ngazi za bandarini wanapopandia watalii kwenda Kilwa Kisiwani, duka la dawa, kisima. Mgeni mwenye Organic Maps ataviona bila bando. Onyo langu ni kwa nahodha: ramani hizo si chati za bahari. Miamba na vina vya maji kati ya Kisiwani na Songo Mnara havimo kwa kiwango cha kutegemewa, na OpenCPN, programu huria ya uongozaji vyombo, ina uaminifu wa chati uliyoitia ndani yake na si zaidi. Mjuzi wa maji abaki chomboni.

La mwisho ni fedha. Programu huria nyingi hazina bei, na hilo limewafanya watu wadhani kazi yake pia haina bei. Fundi kijana aliyesoma VETA Lindi anayekuwekea Linux, anayekuhamishia mafaili, anayekaa na mfanyakazi wako mpaka azoee, mlipe. Fedha ambayo ungeipeleka kwenye leseni ng'ambo mgawie yeye sehemu, naye atakuwepo printa itakapogoma Jumamosi ya maandalizi ya harusi. Mkubaliane kwa maandishi: atasimika nini, ataacha nakala ngapi, nywila zote atakukabidhi, na atarudi mara ngapi kwa bei hiyo. Mwambie pia aandike kwenye daftari, kwa Kiswahili cha kawaida, aliyoyafanya na mahali mafaili yalipo, ili akienda kutafuta maisha Mtwara, fundi atakayekuja baada yake aweze kuendelea bila kuanza upya.